Kofi la Tarehe Tisa

Jumanne, tarehe tisa ya mwezi wa tatu, saa nne na robo asubuhi, msimamizi wa kiwanda cha vigae alimzaba binti wa Majivu kofi moja la sikio la kushoto, mbele ya watu kumi na mmoja. Kofi lenyewe halikuchukua muda. Mtu akipiga chafya huchukua zaidi. Lakini siku zake zinahesabiwa mpaka leo, na wenye kusoma vitabu bado hawajakubaliana waanzie kuhesabu wapi.

Binti huyo alikuwa mgonga vigae. Vigae vya kuezekea nyumba vikishatoka tanurini na kupoa, havipakiwi hivihivi. Lazima mtu achukue kimoja kimoja kwa mkono wa kushoto, akisogeze karibu na sikio, akigonge kwa kijiti alichoshika mkono wa kulia. Kigae kizima hulia kama bilauri. Chenye ufa, hata ule ambao jicho haliuoni, hujibu kama mtu mwenye mafua. Alikuwa na miaka saba kwenye kazi hiyo, na wenzake walimwita Daktari, kwa kuwa aligonga, akasikiliza, akatoa hukumu, na hakuna mgonjwa aliyewahi kumdanganya.

Asubuhi ile Daktari alikuwa amekataa toroli nzima, na lori lilikuwa linaunguruma mlangoni likiisubiri.

"Pitisha," msimamizi alisema.

"Havipiti, bosi. Vina ufa."

"Ufa uko wapi? Nionyeshe."

"Hauonekani, bosi. Unasikika. Inama usikilize."

Watu wakacheka. Si sana, kicheko cha watu waliochoka tu. Hasara ya toroli ile msimamizi angeivumilia, maana haikuwa hasara yake. Kicheko ndicho kilichomshinda.

Majivu hakuona. Alikuwa nyuma, kwenye mdomo wa tanuri, akililisha kuni. Jina hilo alilipata kwa sababu kwa miaka ishirini na sita aliingia kazini mweusi akatoka wa kijivu. Habari zilimfikia saa sita. Akaja mbio na koleo mkononi, watu wakampokonya koleo, na akabaki na mikono mitupu ambayo haikujua ifanye nini.

Hapo ndipo alipofanya kosa lake. Kiwandani pale palikuwa na desturi kongwe kuliko msimamizi. Wafanyakazi wakigombana hupewa kigae kibovu, kila mmoja akashika upande wake, wakakivunja kwa pamoja, na karani wa zamu akaandika kwenye daftari kwamba yamekwisha. Kigae kikishavunjwa, anayelirudia neno lile huonekana mtu wa ovyo. Na aliyekwenda kukichagua kigae cha siku hiyo ni Majivu mwenyewe.

"Baba, sikio linavuma," binti alisema.

"Litanyamaza. Mimi hili tanuri linanivumia mpaka ndotoni. Vunja, mama, turudi kazini. Hawa wakubwa tutashindana nao kwa nguvu gani?"

Akavunja. Msimamizi akasema samahani huku macho yakiwa kwenye lori. Karani akaandika: *Wamepatana, hana jeraha.* Binti akatia sahihi chini yake, kwa mwandiko mzuri, kama anayepokea zawadi.

* * *

Mwaka ukapita, na mwezi juu yake. Mwezi wa nne wa mwaka uliofuata, Daktari alifukuzwa. Wateja walikuwa wanarudisha vigae. Mapaa yalikuwa yanavuja. Barua ilisema uwezo wa mfanyakazi umeshuka. Nani aliyeushusha, haikusema.

Hapo ndipo alipomwambia baba yake kwamba sikio la kushoto halifanyi kazi. Majivu akampeleka hospitali siku iliyofuata. Walikaa kwenye benchi tangu asubuhi, na Majivu alikaa ukingoni kabisa, nusu ameketi nusu amesimama, kwa sababu mkewe alifia kwenye benchi kama lile, akimsubiri mtu aliyekwenda kutafuta ufunguo wa stoo ya dawa. Mtu yule hakuulizwa kitu. Ufunguo nao haukuulizwa.

Mtaalamu wa masikio alichungulia kwa taa yake ndogo, akahema.

"Ngoma ya sikio ilipasuka kitambo. Uchafu ukaingia, ukala ndani kidogo kidogo. Pigo ndilo lililofungua mlango."

"Limekufa lini, bwana?" Majivu aliuliza.

"Mzee wangu, sikio halina cheti cha kifo."

Alicheka mwenyewe, kisha akaona hakuna aliyecheka naye, akaandika barua.

Mwezi wa tano wakaenda nayo mahakamani. Kulikuwa na dirisha lenye tundu chini, kiasi kwamba mtu mzima lazima apinde mgongo ndipo aongee na karani.

"Nyuma ya mstari, mzee."

Majivu akatazama chini. Mstari ulikuwa umefutika zamani. Akarudi nyuma kwa kukisia.

"Amepigwa lini?"

"Tarehe tisa, mwezi wa tatu."

"Mwaka huu?"

"Mwaka jana."

Karani akahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, akihama kidole hadi kidole. "Imekufa hiyo."

"Nani kafa?"

"Kesi. Madai ya kupigwa yana miezi kumi na miwili. Nyinyi mna kumi na minne. Mlikuwa wapi?"

"Sikio lilikuwa linakufa."

"Mngekuja kabla halijafa."

"Tungekuja kusema nini, mwanangu? Kwamba litakufa?"

"Unaziba dirisha, mzee. Kuna watu nyuma yako."

Walitoka. Binti alikuwa amekwisha kukata tamaa, anatafuta kivuli tu. Majivu alikuwa na jambo jingine. Angeambiwa hapana, angemeza. Hapana za wakubwa alikuwa amezimeza nyingi, tumbo limezizoea. Lakini hawa walimpa hesabu, na hesabu ni kama kibanzi cha kuni kwenye kiganja cha mkono: hata usipokitazama, unakisikia. Kumi na miwili. Kwa nini si kumi na mitano? Nani aliyekaa kitako akakata kwamba maumivu ya mtu yanadumu mwaka? Bila shaka ni mtu ambaye hajawahi kupigwa, na akipigwa ana dereva wa kumfikisha mahakamani kabla shavu halijapoa.

Getini akamuuliza mlinzi. Mlinzi alikuwa amekaa pale miaka mingi na aliyajua mengi kuliko sare yake.

"Ukivunjiwa mkataba, mzee, una miaka sita," mlinzi alisema. "Ukivunjwa taya, una mmoja."

"Kwa nini?"

"Nami najiuliza. Nadhani karatasi haiponi, taya linapona."

"Na lisipopona?"

Mlinzi akakuna kidevu. "Hilo kaulize ghorofani, juu ya duka la magodoro. Kuna mama wakili pale, hatozi kitu."

* * *

Wakili wa bure alikuwa mwanamke wa makamo, amevaa sandali juu ya soksi, na ofisi yake ilinuka sifongo mpya kutoka dukani chini. Viti vilikuwa viwili. Majivu akasimama.

"Sheria ina mlango wa uani," wakili alisema baada ya kusoma barua ya hospitali. "Madhara yakijificha, miezi inahesabiwa tangu siku mtu alipojua, au alipopaswa kujua. Sasa, mdogo wangu, wewe ulijua lini?"

"Mwezi wa nane, tarehe mbili," Daktari alijibu papo hapo. "Siku simu ilipokufa."

"Simu?"

"Shangazi alinipigia, nikaiweka sikioni, kimya. Nikasema simu imeharibika. Nikampelekea fundi. Akaiweka kwenye sikio lake, akaniambia, 'Dada, simu yako nzima kabisa, na huyu mama anakutukana.' Nikaichukua. Kushoto, kimya. Kulia, shangazi anafoka."

Wakili alicheka, na Daktari naye akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu barua ya kufukuzwa.

"Kwa nini hukumwambia baba?"

"Mgonga vigae asiyesikia ni nani, mama? Ni mtu anayepiga vyombo. Sikio moja haliwezi kutenga mlio wa kigae na kelele za mashine. Nilidhani nikikaza nitaweza."

Wakili akahesabu. Mwezi wa nane mpaka wa tano, miezi tisa. "Tumo ndani," alisema. "Tukimshawishi hakimu kwamba ulijua mwezi wa nane na si kabla, tumo ndani. Huo ndio mchezo wote. Akikubali, kesi inasikilizwa. Akikataa, hatutafika hata kwenye kofi."

Majivu akakohoa. Akatoa mfukoni risiti ya kiwanda, ile inayopewa wateja, imekunjwa mara nne.

"Mama wakili, mimi shule niliiona kwa dirishani. Lakini hebu soma huku nyuma."

Wakili akasoma kwa sauti: "*Kigae kitakachobainika kuwa na ufa kitabadilishwa ndani ya miezi kumi na miwili tangu siku ufa ulipoonekana.*"

"Umeona? Si tangu siku kilipochomwa. Navichoma mimi, nakwambia, ufa unazaliwa motoni. Ila unajitokeza mvua ya mwaka wa pili, maji yakishaingia. Kiwanda wanalijua hilo. Wameliandika wenyewe."

Wakili akavua miwani akafuta macho. "Mzee, hawa ndio tunaowashitaki?"

"Haohao."

"Basi kigae chao kina sheria nzuri kuliko sikio la mwanao. Niachie hii karatasi."

Majivu alishuka ngazi akiwa amenyoosha mgongo. Miaka ishirini na sita kiwandani, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu aliyesoma kumwambia niachie.

* * *

Walihitaji mtu wa kusema aliliona kofi. Kati ya wale kumi na mmoja, tisa walikuwa wameshikwa na usahaulifu wa ghafla, na mmoja alikuwa amehama. Akabaki Bi Kamba, mfungashaji, aliyekaa ng'ambo ya meza ya Daktari akifunga vigae kumi kumi kwa kamba. Majivu alimkuta nyuma ya banda wakati wa mapumziko, amevua viatu.

"Nilijua utakuja," Bi Kamba alisema. "Nilikuwa nahesabu siku tu. Wewe kila kitu unachelewa, hata mshahara unaupokea wa mwisho."

"Utasema, dada?"

"Nitasema. Mimi mjane, sina mume wa kunikataza, na kazi yenyewe wakiichukua watakuwa wamechukua kamba tu. Nitasema nililiona, nitasema lililia pa!, nitasema mtoto hakurudi sawa tena. Tangu wiki ile ile akahamisha kijiti."

"Alihamisha nini?"

"Kijiti. Hukujua? Alikuwa akigonga kwa mkono wa kulia, kigae kiko kushoto. Baada ya kofi, Ijumaa hiyohiyo, namtazama, kigae kiko kulia, anagonga kwa kushoto. Nikamtania, nikasema Daktari umebadilisha hospitali? Akanitazama kama sijasema kitu."

Majivu akakaa chini, kwenye udongo.

Ijumaa. Tarehe kumi na mbili ya mwezi wa tatu. Kama mtu anahamisha kigae kwenda sikio zima, si amejua? Na kama alijua Ijumaa ile, miezi ni kumi na minne, na mlango wa uani umefungwa.

"Bi Kamba," alisema polepole, "hili la kijiti, lazima ulitaje?"

Bi Kamba akavaa kiatu kimoja, akakishika kingine mkononi.

"Nisipoulizwa sitalitaja. Nikiulizwa, nitasema. Mimi si kigae, Majivu, usinigonge unisikilize nalia vipi."

* * *

Jioni Majivu alifika nyumbani. Alizunguka chumba, akahamisha ndoo, akairudisha mahali pake. Binti alikuwa anafua.

"Mama, ulibadilisha mkono lini?"

"Mkono gani?"

"Wa kugongea."

"Sijabadilisha mkono mimi."

Majivu akatoka uani, akarudi na kipande cha kigae kilichokuwa kimezuia mlango. Akampa. Akampa na kijiko.

"Gonga."

Daktari akapangusa povu, akapokea. Kigae kikaenda kulia. Kijiko kikaenda kushoto. Akagonga mara moja, na mkono ukabaki hewani. Akautazama kama anautazama mkono wa mgeni aliyeingia bila kubisha hodi.

"Hapana," alisema. Akajaribu kuvibadilisha, kigae kushoto, kijiko kulia. Vidole vikawa vizito, kijiko kikateleza, kikaanguka kwenye beseni. "Baba, mimi sikufanya hivi. Nakuapia. Nani kakwambia?"

"Bi Kamba. Anasema tangu Ijumaa ile."

"Ijumaa ile nilikuwa nasikia! Nilikuwa na uvumi tu. Nilikuwa nasikia kila kitu." Akagusa sikio la kushoto. "Nilidhani nasikia kila kitu."

Wakakaa pamoja pembezoni mwa beseni. Majivu alikuwa na maneno yake tayari, ameyapanga njia nzima: kwamba Bi Kamba hatasema asipoulizwa, kwamba wale wa kiwanda hawajui, kwamba watu wakubwa hudanganya kwa mhuri na hakuna anayewauliza, sasa mnyonge akinyamaza dakika mbili kuna dhambi gani. Akayasema yote.

Binti akasikiliza, amemgeuzia upande wa kulia.

"Na nikiulizwa?"

"Sema hukumbuki."

"Baba, kofi nililipata kwa sababu gani?"

Majivu akachezea povu la beseni.

"Niliambiwa pitisha. Nikasema havipiti. Leo unataka nipitishe?"

"Nataka upate haki yako, mwanangu. Mimi ndiye niliyekuletea kile kigae mkavunja. Mimi." Akakisukuma kando kile kipande cha kigae. "Miaka yote hii nakoleza moto, na siku mwanangu alipohitaji moto nikaenda kutafuta kigae."

"Najua," binti alisema. Hakusema amemsamehe wala hakusema hajamsamehe. Aliokota kijiko majini, akakifuta kwa kanga.

* * *

Siku ya kusikilizwa suala la muda, chumba cha mahakama kilikuwa na feni isiyozunguka. Msimamizi hakuja, wakubwa hutuma karatasi. Wakili wa kiwanda alikuja na daftari la zamu limefungwa ndani ya nailoni, akalishika kwa ncha za vidole.

"Hii ni sahihi yako?"

"Yangu."

"Ulivunja kigae, ukakubali yamekwisha?"

"Nilivunja."

"Na hapa imeandikwa hana jeraha."

"Aliandika karani. Karani hakuwa ndani ya sikio langu."

Mtu akacheka nyuma. Hakimu akagonga meza. Alikuwa mwanamume mnene mwenye mafua, na kwa dakika nyingi alionekana anaisubiri saa ya chakula. Wakili wa bure akasimama, akaeleza habari za simu, akasoma risiti. Hapo hakimu akaomba aione. Akaisoma mbele, akaisoma nyuma, akairudia.

Kisha akamgeukia Daktari moja kwa moja.

"Binti, mimi sijui kazi yako. Nifahamishe. Kati ya siku ya kofi na siku ya simu, miezi mitano, kuna chochote ulichokuwa ukifanya tofauti na zamani? Chochote."

Majivu alikuwa benchi la pili. Bi Kamba kando yake alishikilia mkoba kwa mikono miwili. Wakili wa bure alikuwa anatazama karatasi zake, aliambiwa yote jana yake, na akasema tu, "Utajibu utakavyoona, mdogo wangu."

"Ndiyo, mheshimiwa," Daktari alisema. "Nilihamisha mkono."

Akaeleza. Kigae kushoto, kijiti kulia. Kisha kigae kulia, kijiti kushoto. Ijumaa ya wiki ileile. Aliinua mikono akionyesha, na mikono ikajipanga yenyewe hewani bila kigae wala kijiti.

Wakili wa kiwanda alikuwa amesimama kabla hajamaliza. "Mheshimiwa, amekiri! Alijua tangu tarehe kumi na mbili ya mwezi wa tatu. Muda umekwisha kwa kinywa chake mwenyewe!"

"Hakusema alijua," wakili wa bure alisema. "Amesema alihama."

"Mtu hahami bila sababu!"

"Ulijua kwa nini umehama?" hakimu alimuuliza binti.

"Sikujua hata kama nimehama, mheshimiwa. Nimeambiwa wiki iliyopita, na baba, kwa kigae na kijiko cha jikoni. Nilibisha."

Hakimu akaacha kupenga kamasi. Akakiweka kitambaa mezani. Akautazama mkono wake mwenyewe ulioshika kalamu, akaugeuza, akatazama na ule mwingine.

"Mawakili," alisema, "mmoja wenu ana kesi iliyowahi kuamua hili?"

Wakili wa kiwanda akafungua kitabu, akapekua, akapekua nyuma, akakifunga na kidole kikiwa ndani. Wakili wa bure akatikisa kichwa. Majivu, ambaye asubuhi ile alikuwa ameapa kuwachukia wote waliomo chumbani humo, alijikuta ameegemea mbele kama mtu anayesikiliza tanuri lipoe. Alitaka kujua. Hata kama jibu lingemla mwanawe, alitaka kujua.

"Uamuzi sitoi leo," hakimu alisema. "Mtarudi baada ya wiki tatu, na mtaniletea jibu, si maneno. Karani, usiandike kwamba alijua, wala usiandike kwamba hakujua. Andika swali kama ninavyolisema: sheria inahesabu tangu siku mtu alipojua, sasa, mkono wa mtu ukijua miezi mitano kabla ya mwenyewe, aliyejua ni nani?"